Likizo ya msomi ina bei gani?

Wadau, leo naomba tuachane kidogo na siasa za mjini tuzungumze historia. Si ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya jambo ambalo karibu kila mmoja wetu aliyepita chuo kikuu amelifanya, na hakuna aliyetuambia darasani kwamba nalo lina historia yake: kibarua cha likizo.

Hapa kwetu Ibadakuli, upande ule wa uwanja wa ndege wa Shinyanga, utajua vyuo vimefungwa bila kuangalia kalenda. Utapanda bodaboda inayoendeshwa na kijana mwenye miwani anayekueleza mfumuko wa bei mpaka unashuka. Huyo anapiga deiwaka, pikipiki ni ya kaka yake. Sekondari iliyokuwa haina mwalimu wa fizikia tangu Januari inampata ghafla, naye ni mwaka wa pili kutoka Mlimani au UDOM, anapiga tempo. Kwenye ghala la AMCOS ambako pamba inapimwa, yule anayeandika kilo kwenye daftari kwa mwandiko wa kunyooka ana kitambulisho cha chuo mfukoni. Wengine huvuka mpaka Mwakitolyo, kwenye machimbo ya dhahabu, wakabeba viroba vya mawe kupeleka kwenye karasha, au wakaosha marudio. Hao kwa kawaida nyumbani hawasemi. Nina rafiki yangu mhasibu ambaye mpaka leo mama yake anaamini kwamba likizo yote ya mwaka wa kwanza alikuwa "field".

Hadithi tunayosimuliana kuhusu haya yote ni fupi. Zamani serikali ililipa kila kitu, msomi akala kuku Mlimani na kulala usingizi. Siku hizi mambo ni magumu, msomi anabeba viroba. Hadithi hiyo ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba serikali yetu haijawahi kumwacha msomi alale. Tangu mwaka 1966 imekuwa ikimtafutia kazi ya kufanya: baada ya chuo, kabla ya chuo, na katikati ya chuo. Kazi haikukosekana. Kilichokuwa kinateleza kila mara ni swali dogo la mwisho, yaani alipwe ngapi. Na kuna mwaka mmoja tu ambapo swali hilo lilijibiwa kwa maandishi, tena na mkuu wa nchi mwenyewe. Tutafika huko.

Tuanze mwanzo. Chuo kikuu chetu kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kwenye jengo la TANU katika mtaa tunaouita leo Lumumba. Kitivo kilikuwa kimoja, cha sheria, na wanafunzi walikuwa 14. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Nchi ilikuwa na haja kubwa ya watu wa kukaa kwenye viti vilivyoachwa na Waingereza, hivyo mwanafunzi alitunzwa kama mbegu ya mwisho iliyobaki ghalani: masomo bure, chumba bure, chakula bure. Na likizo ilipofika, baadhi yao waliingia kwenye ofisi za serikali wakafanya kazi na kulipwa viwango vile vile vya watumishi wa kawaida. Ndiyo, soma tena. Mwanafunzi wa miaka ile alikuwa na kibarua cha likizo, kivulini, na analipwa kamili. Hilo sikulitoa kijiweni, aliliandika Mwalimu Nyerere, na aliliandika kwa kulalamika.

Lakini kabla ya kalamu kulikuja kishindo. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa limeanzishwa mwaka 1963 kama jambo la hiari. Mwaka 1966 serikali ikaleta mpango wa kulifanya la lazima kwa wasomi: miaka 2, ambapo miezi ya mwanzo ni kambini na miezi 18 iliyobaki mhitimu anafanya kazi yake ya kawaida lakini anapokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani na wenzao wa vyuo vingine vya Dar wakaandamana hadi Ikulu. Mabango yao yalikuwa makali, mengine yakithubutu kusema kwamba mkoloni alikuwa nafuu. Mwalimu akawapokea, akawasikiliza, halafu hasira ikampanda. Walilalamikia mishahara? Basi akatangaza papo hapo kwamba wa kwake unapunguzwa kwa asilimia 20. Kisha zaidi ya wanafunzi 300 wakafukuzwa na kurudishwa vijijini kwao. Wengi waliruhusiwa kurejea baada ya muda, lakini funzo lilikuwa limeshaingia.

Sisi tuliosoma baadaye tumefundishwa kuwacheka wale vijana. Wabinafsi, eti. Mimi naona walikuwa na hoja na hawakuwa na mdomo. Walipiga kelele kana kwamba kazi yenyewe ni tusi, wakati hoja ya kweli ilikuwa ile namba 40. Ukizungumza na mkulima wa pamba wa Shinyanga kuhusu ubaya wa jembe, hatakuelewa. Mwambie mizani inapunja uone kama hatasimama.

Sasa twende kwenye mwaka wenyewe. Februari 1967 likatoka Azimio la Arusha. Mwezi uliofuata, Machi, Mwalimu akatoa kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Wote tunakifahamu, au tunadhani tunakifahamu, kwa sababu tulikikariri kwa ajili ya mtihani: shamba la shule, bustani, kuku, kuheshimu kazi za mikono. Ukiwauliza watu 10 watakuambia kinahusu shule za msingi na sekondari. Ni kweli sehemu kubwa iko hivyo. Lakini kuelekea mwisho kuna aya kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu na likizo zao, na nashangaa kwamba haitajwi popote.

Nitaieleza kwa maneno yangu. Mwalimu anaanza kwa kusema kwamba baadhi ya wanafunzi hutumia likizo zao kufanya kazi maofisini serikalini kwa malipo ya kawaida ya mtumishi. Anaona ingefaa zaidi, utaratibu ukishapangwa vizuri, wafanye kazi ambazo jamii inazihitaji lakini haina fedha za kuziajiria mtu. Kisha anataja mifano: kukusanya historia ya mahali, kazi za sensa, elimu ya watu wazima, kusaidia kwenye zahanati. Kila mmoja afanye inayolingana na fani yake. Na malipo? Hapo ndipo penye mambo. Anasema wapewe kiasi kinacholingana na kima cha chini cha mshahara. Kama kazi yenyewe ilistahili zaidi ya hapo, ile ziada iende chuoni, ikanunue vitu vya ustawi wa wanafunzi au vifaa vya michezo. Tena kazi hiyo ihesabiwe kwenye matokeo. Anayetegea, digrii yake ishuke, na wenzake wamlaumu kwa mipira waliyokosa.

Mipira! Nilicheka nilipofika hapo. Lakini hebu iangalie aya hiyo kwa macho ya mtu aliyewahi kubeba kiroba Mwakitolyo. Ina adhabu, ina ubabe kidogo, na inamshusha mwanafunzi kutoka mshahara wa karani hadi kima cha chini. Pamoja na hayo ina vitu vitatu ambavyo sijaviona pamoja mahali pengine katika historia ya elimu yetu: kazi inayotokana na kile unachokisoma, alama zinazoingia kwenye cheti, na malipo yenye sakafu. Nyerere, ambaye miezi mitano tu nyuma alikuwa amewafukuza wanafunzi kwa sababu ya mshahara, ndiye aliyeandika kwamba likizo ya mwanafunzi ina bei na bei hiyo isiwe chini ya ile ya kibarua mwingine yeyote nchini.

Wazo lenyewe halikuwa geni duniani. Marekani ilikuwa imetunga sheria mwaka 1964, ndani ya vita vya Rais Johnson dhidi ya umaskini, ambapo serikali kuu inalipa sehemu kubwa ya ujira wa mwanafunzi mwenye uhitaji anayefanya kazi chuoni, iwe maktaba au maabara, na ujira huo hauruhusiwi kuwa chini ya kima cha chini cha nchi. Mpango huo unaendelea mpaka leo. Chuo cha Berea, kule Kentucky, chenyewe hakijamtoza mwanafunzi ada tangu mwaka 1892, ila kila mmoja lazima afanye kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Na kabla ya sheria yoyote kulikuwa na kujitafutia. Kwame Nkrumah, ambaye ukumbi maarufu pale Mlimani umepewa jina lake, alifika Chuo cha Lincoln, Pennsylvania, mwaka 1935 akiwa hana kitu. Likizo za kiangazi aliuza samaki mitaa ya Harlem, akafanya kazi kiwanda cha sabuni, akahudumia mezani kwenye meli. Nimefanya mitihani miwili katika ukumbi ule na hakuna aliyenidokeza kwamba mwenye jina alikuwa mchuuzi wa samaki. Ningeingia na moyo tofauti.

Turudi nyumbani. Je, aya ya 1967 ilifanyiwa kazi? Kwa kitu kimoja, na kitu hicho ni kikubwa mno, kilifanyika kitu kinachofanana nayo sana. Mwaka 1968 idara ya historia ya Mlimani, chini ya walimu kama John Iliffe na Gilbert Gwassa, iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza kwenye maeneo yaliyopigana Vita vya Maji Maji, wakaongee na wazee. Vita vile vilikuwa vya 1905 hadi 1907. Piga hesabu: kijana aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza, mwaka 1968 alikuwa na 83. Wangechelewa miaka 10 wangekuta makaburi. Wanafunzi wakakaa mikekani, wakasikiliza, wakaandika, na mkusanyiko wa ripoti zao ukapigwa chapa ya mashine ukabaki chuoni. Mpaka leo huwezi kuandika kitu cha maana kuhusu Maji Maji bila kupita kwenye karatasi zile za wanafunzi. Kazi nyingine ya aina hiyo ilitoka mwaka 1973, kitabu cha wasifu wa Watanzania alichohariri Iliffe, ambacho sehemu kubwa ya sura zake ziliandikwa na wanafunzi. Humo mnapatikana habari za Kleist Sykes wa Dar es Salaam, zilizoandikwa na mjukuu wake, Daisy Sykes, alipokuwa mwanafunzi.

Sisemi aya ya Mwalimu ndiyo iliyozaa mradi wa Maji Maji. Wanahistoria wa Mlimani walikuwa na sababu zao za kutosha. Walikuwa na haraka ya kuandika historia ambayo mkoloni hakuiandika. Ninachosema ni kwamba mfano wa kwanza kwenye orodha ya Mwalimu, kukusanya historia ya mahali, ulithibitishwa ndani ya mwaka mmoja na nusu kwamba unawezekana, kwamba wanafunzi wanaouweza wapo, na kwamba faida yake ni ya karne.

Halafu upepo ukageuka. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua mambo makubwa. Tunalokumbuka zaidi ni elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Jingine lilikuwa hili: kijana hatoki tena kidato cha sita kwenda chuo kikuu. Aende JKT, kisha akafanye kazi, na akitaka kusoma alete maelezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama kwamba ni mtu anayefaa. Kwa maneno mengine, swali la mwanafunzi afanye kazi lini likapata jibu jipya: kabla. Mlimani ikajaa watu wazima wenye ndoa na watoto, na wasichana wakapungua kiasi kwamba miaka michache baadaye ilibidi walegezewe sharti hilo. Mtu ambaye ameshakuwa mtumishi hana haja ya kutafutiwa kibarua cha Julai. Kwa maoni yangu hapo ndipo aya ya likizo ilipokufa. Haikupingwa na mtu, ilipitwa tu.

Naomba niweke pembeni neno moja la kwetu, kabla sijafika miaka yetu. Usukuma ulikuwa na utaratibu wake wa kazi za vijana muda mrefu kabla ya TANU. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, na walilima kwa kundi kwenye shamba la mwenye kuwaita. Bugobogobo, ile ngoma ya majembe ambayo siku hizi tunaichezea wageni kwenye harusi, ilitoka huko, kwenye kulima kwa mdundo. Kundi halikulima bure. Kulikuwa na chakula, kulikuwa na pombe, kulikuwa na mnyama wa kuchinjwa. Kwa hiyo anayesema kumlipa kijana aliye kwenye mafunzo ni tamaa za kizungu, na nimewahi kuambiwa hivyo kwa maneno karibu na hayo, aje Shinyanga kwanza.

Miaka ya 80 uchumi ukaanguka, serikali ikasaini na IMF mwaka 1986, na kuanzia 1992 ukaja mpango wa kuchangia gharama za elimu ya juu, kwa awamu. JKT ya lazima ikasimamishwa mwaka 1994 (ilirudi 2013, kwa wanaomaliza kidato cha sita). Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Hapa ndipo sisi tunaingia: kizazi cha boom. Fedha ya kujikimu imekuwa ikipanda polepole. Mwaka 2023 ilitoka 8,500 kwa siku ikawa 10,000. Ukitoa chumba, nauli na fotokopi, utabaki na chipsi kavu.

Angalia kilichotokea. Mwaka 1966 mwanafunzi hakuhitaji kibarua na akapewa kazi. Tangu 1992 anakihitaji kibarua, na hakuna aliyekaa chini kupanga apewe kazi gani. Maktaba, maabara, ofisi za usajili, mabweni: vyuo vyetu vina kazi za saa mbili tatu kwa siku ambazo mwanafunzi angeziweza, lakini kwa sehemu kubwa wanafunzi wamejitengenezea soko lao wenyewe. Wanauza mitumba vyumbani, wanatoza kuchapa ripoti, wanasuka, wanatengeneza simu, wanakaanga chapati. Ukipita Mabibo hosteli jioni unaweza kutoka umeshanunua suruali, umesukwa, na umesajiliwa laini.

Na ile kazi ya likizo inayotambuliwa rasmi, je? Hiyo ipo, tunaiita PT au field. Kwa kawaida wiki 8, kazi inayolingana na fani, na alama zinaingia kwenye matokeo. Unaona? Vitu viwili kati ya vitatu vya mwaka 1967 vipo vile vile. Kilichodondoka njiani ni cha tatu. Mwenye ofisi, mara nyingi, halipi. Ili mwanafunzi aweze kuishi wiki zile 8, Bodi ya Mikopo ina fungu la mafunzo kwa vitendo, na fungu hilo ni sehemu ya mkopo. Yaani kijana anakopa serikalini ili akaifanyie kazi halmashauri, benki au mgodi. Akija kuajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi, kiwango kilichowekwa mwaka 2016, mpaka amalize. Wale wa 1966 waliandamana kwa sababu ya kupoteza asilimia 60 kwa miezi 18 baada ya kusoma bure. Sisi tunakopa kwa ajili ya kazi ambayo hatukulipwa, halafu tunairudisha kwa miaka. Sijui nani alipaswa kuandamana!

Mimi field yangu niliifanya kwenye chumba cha habari kimoja ambacho sitakitaja. Wiki 8, habari zangu 23 zilichapwa, 9 kati ya hizo zikiwa na jina langu. Malipo yalikuwa chai ya saa 4, na andazi Ijumaa. Sikatai kwamba nilijifunza. Mhariri mmoja pale alinifundisha kufuta sentensi ya kwanza ya kila habari, na nusu ya riziki yangu ya leo imetoka kwenye somo hilo. Lakini gazeti lile liliuzwa barabarani likiwa na kazi yangu ndani yake. Nauli ya kila siku nilikuwa nimekopa.

Kwenye migodi hali ni hiyo hiyo kwa sura kubwa zaidi. Kila mwanafunzi wa jiolojia au uhandisi wa kanda hii ndoto yake ni Geita au Bulyanhulu. Geita ilianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu 2001. Buzwagi pale Kahama ilianza 2009 na uzalishaji ukafika mwisho mwaka 2021. Kanuni za madini za mwaka 2018 zinamtaka mwekezaji alete mpango wa kuajiri na kufundisha Watanzania. Ni jambo zuri. Nafasi za field hata hivyo ni chache na waombaji ni wengi, na anayekosa harudi kulala. Ndiyo wale wa karasha. Fikiria mtu aliyesoma miaka 2 namna mwamba unavyobeba dhahabu, anabeba mwamba huo huo begani kwa malipo ya kiroba, bila kofia ngumu, kwenye duara ambalo likitifuka hakuna atakayejua alikuwa mwaka wa ngapi.

Kuna mara moja katika maisha yangu ambapo niliiona aya ya 1967 ikitembea kwa miguu. Sensa ya 2022. Maombi ya ukarani yalifanyika kwa mtandao, nami nikaomba kama vijana wengi waliokuwa vyuoni. Nikapata, hapa hapa Shinyanga. Tukafundishwa, tukapewa vishikwambi (ambavyo baadaye viligawiwa kwa walimu), na kuanzia tarehe 23 Agosti tukapita nyumba kwa nyumba. Tulihesabu nchi nzima watu 61,741,120. Tulilipwa. Haikuwa fedha ya kujengea nyumba, ila ilinipa kodi ya chumba ya miezi 6 na gharama za kuchapa ripoti yangu ya utafiti. Na nilijua mambo ya kata yangu ambayo kwa miaka 20 sikuyajua: nani anaishi na wajukuu tu, nani hana choo, nani ana shahada na anafuga kuku.

Kazi ya sensa ilikuwa mfano wa pili kwenye orodha ya Mwalimu. Ilichukua miaka 55. Tatizo ni kwamba sensa huja mara moja kila miaka 10.

Mfano wa kwanza hausubiri miaka 10, na hapo ndipo penye kuniuma. Mwanzoni mwa miaka ya 50 wakulima wa pamba wa Usukuma waliweka watu wao wenyewe wa kupima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi, kwa sababu mizani ya mnunuzi hawakuiamini. Kwenye vuguvugu hilo kikatokea chama kikuu cha Victoria mwaka 1955, Paul Bomani akiwa kiongozi wake, kilichokuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote, na 1982 ikatunga sheria ya kuvirudisha. Huku kwetu ikaja SHIRECU. Viongozi wakubwa wameandikwa. Yule kijana aliyesimama na mizani kijijini, akamwambia mnunuzi kwamba kilo hazitimii, hakuandikwa.

Kama alikuwa na miaka 20 mwaka 1955, leo ana miaka 90 hivi au amepita. Ni uzee kama ule waliokuwa nao mashahidi wa Maji Maji wanafunzi walipowafuata mwaka 1968. Wapo wachache, Kizumbi, Old Shinyanga, hata hapa Ibadakuli, na kila msimu tunazika. Kizumbi hapo kuna kampasi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, wanafunzi wanaosoma ushirika wenyewe. Wiki 8, kima cha chini, alama kwenye matokeo, simu ya kurekodia ambayo kila mmoja anayo. Hata sehemu ya mipira nipo tayari kuiacha.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na kitu pekee nilichowahi kumuuliza kuhusu pamba ni kama godoro letu lilitokana nayo. Ana mwenzake mmoja aliyebaki, wanasema kumbukumbu yake ni nzuri asubuhi, jua likipanda anachanganya. Jumamosi nitakuwa kwake saa 1. Bodaboda ni 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, na dereva wangu ni mwaka wa tatu, anasoma historia.